Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, mikataba, ajali za kazini na viinua mgongo. Hayo ndiyo mambo yetu, na yataendelea kuwa mambo yetu. Leo naomba ruhusa niseme juu ya kitu kilichoko nyumbani, chini ya kitanda au nyuma ya mlango, kimefunikwa gunia: cherehani ya zamani iliyoachwa na mama, na baba au na bibi. Neno langu ni moja. Mfanyakazi asiuze chombo cha kazi alichorithi kabla hajajua ni chombo gani, na spea zake zinapatikana wapi. Na kumsaidia ajue ni kazi ya chama. Tusimwachie mnunuzi wa vyuma chakavu kazi hiyo.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa. Mama yangu, hapa kwetu Busoga, mashariki ya Uganda, alishona sare za shule na magomesi kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Karo yangu mpaka darasa la saba ilitoka katika cherehani hiyo. Mama alipofariki mwaka 2008, mimi nilikuwa kibarua wa kutwa kiwandani. Nilipojaribu kuizungusha, gurudumu lilikuwa limekwama kama lililochomelewa. Nikauliza mtu mmoja dukani, akanijibu bila hata kuitazama: "Hizo spea zake zilikwisha zamani." Basi nikamwita mtu wa skrepu. Aliipima kwa mizani ya ndoano kama mtu anayepima nyama, akanilipa kwa kilo. Fedha ile haikumaliza juma.

Miaka mingi baadaye ndipo fundi mmoja mzee aliponieleza kwamba cherehani iliyokwama namna ile mara nyingi haina ubovu wowote. Ni mafuta ya zamani yaliyoganda ndani. Unatia mafuta ya taa kidogo kidogo katika kila tundu na kila kiungo, unaacha usiku, unajaribu asubuhi, unarudia, na siku ya tatu au ya nne gurudumu linazunguka. Kisha unafuta yote na kutia mafuta ya cherehani yenyewe. Niliuza kwa kilo chombo kilichonisomesha, kwa kukosa nusu kikombe cha mafuta ya taa na mtu wa kuniambia. Sitaki mwenzangu yeyote arudie kosa hilo.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya nishike kalamu. Mwaka jana mkata miwa mmoja, mwanachama wetu wa miaka mingi, alifariki. Mjane wake akaambiwa aondoke katika nyumba za kambi, na malipo ya marehemu yakawa ya kuja kesho, njoo kesho. Nilipokwenda kumwona juu ya malipo hayo, nilimkuta mtu wa skrepu yuko mlangoni na mizani yake. Shemeji wa mama huyo naye alikuwa amesimama pembeni, akisema kitu cha ukoo kiuzwe na fedha zigawanywe. Kitu chenyewe kilikuwa cherehani ndogo ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika karibu yote. Mama mkwe wake ndiye aliyempa mikononi mwake kabla ya kufa.

Nikamwuliza, "Mama, ina ugonjwa gani?"

Akasema, "Katibu, hii imekufa. Bobini yake ilipotea, nikanunua nyingine mjini, ikakataa. Nikanunua tena, ikakataa. Mtoto akabadilisha sindano, ndiyo ikaharibika kabisa, inaruka uzi. Dukani wananiambia hii ni ya wakati wa Waingereza, spea hakuna."

Nikamwomba yule wa mizani atupe siku saba. Alinung'unika, akaenda. Shemeji pia nikamwambia kwa heshima kwamba kitu alichopewa mtu mkononi na mwenyewe akiwa hai si cha kugawanywa, na kwamba sheria ya mirathi ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2022, inampa mjane haki yake katika mali ya mumewe. Kisha nikatoa kalamu nikaandika namba.

Ndugu zangu, namba ndiyo mwanzo wa mambo yote. Cherehani ya Singer, nayo ndiyo wengi wetu tuliyorithi, ina namba iliyogongwa katika chuma, kulia, kwenye kitako karibu na mguu wa mkono wa cherehani. Kama hauioni, paka mafuta kidogo ufute kwa kitambaa. Mara nyingi imefunikwa na uchafu wa miaka. Zile za kabla ya mwaka 1900 zina tarakimu tupu. Tangu 1900 namba hutanguliwa na herufi, na herufi hizo zinasema umri na mahali. Herufi F ni ya miaka ya 1910 hadi 1920. Herufi Y ni ya 1921 hadi 1935. Zile zenye herufi mbili zinazoanza na E, kama EH au EK, ni za kuanzia 1935 hivi hadi miaka ya 1960. Hizo zote zilitengenezwa katika kiwanda kimoja, huko Clydebank katika Uskoti. Ya mama yule ilianza na Y. Maana yake ilikuwa imetoka kiwandani kabla mumewe marehemu hajazaliwa, na pengine kabla baba yake hajazaliwa.

Lakini umri peke yake haukuletei spea. Unahitaji kujua aina. Cherehani nyingi za kiwanda hicho zina kibati kidogo kilichoandikwa aina yake, kama 15K, 28K, 66K, 99K au 201K. Ile K ni ya Kilbowie, jina la mahali kiwanda kiliposimama. Kibati kikiwa kimeanguka, tazama bobini inakaa wapi, na hapo cherehani itajitaja yenyewe.

Aina ya kwanza ina bobini ndefu na nyembamba kama kijiti, nayo hukaa ndani ya chombo cha chuma chenye umbo la mtumbwi. Mtumbwi huo hupiga bembea huku na huko chini ya vibati viwili vinavyofunguka kwa kuteleza. Hizo ni zile za 27K na 28K na ndugu zao 127K na 128K. Aina ya pili ina bobini ya mviringo katika kikopo chake, na kikopo hicho hutolewa upande wa kushoto, karibu na sindano. Hiyo ni 15K. Aina ya tatu ina bobini ya mviringo inayoangushwa kutoka juu, mbele ya sindano, baada ya kuvuta kibati. Hizo ni 66K, 99K na 201K. Bobini ya moja haiwezi kufanya kazi katika nyingine, hata kama zote zimeandikwa jina la Singer kwa herufi za dhahabu. Mwenye duka anayekuuzia "bobini ya Singer" bila kukuuliza ni Singer gani anakuuzia hasara.

Ya mama yule ilikuwa 28K. Alikuwa ameuziwa bobini za mviringo mara mbili, kwa cherehani ya mtumbwi. Ni sawa na kumpa mtu mwenye baiskeli tairi la pikipiki, kisha kumwambia baiskeli yake imekufa.

Ubovu wa pili ulikuwa wa sindano. Hapa sikilizeni vizuri, maana kosa hili limepeleka cherehani nyingi kwenye mizani. Sindano yenyewe ilikuwa sahihi. Sindano ya kawaida ya nyumbani, ile yenye kichwa kilichobapa upande mmoja, inayoitwa 15x1 au 130/705, inaingia katika aina zote nilizozitaja hapo juu. Inauzwa hadi leo kwa sababu cherehani mpya za nyumbani pia zinaitumia. Kosa lilikuwa upande. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi huingia tunduni kutoka upande wa mfereji huo. Katika 15K mfereji hutazama kulia, na uzi unapita kutoka kulia kwenda kushoto. Katika 28K ni kinyume: mfereji hutazama kushoto, na uzi unapita kutoka kushoto kwenda kulia. Kijana wa mama yule alikuwa ametazama cherehani ya jirani, Butterfly ya Kichina iliyofuata mfano wa 15, akaiga. Hakuwa mjinga, aliiga kazi nzuri ya mtu mwingine katika chombo kisicho chake.

Kabla ya kwenda kwenye spea, nawaomba tutazame kidogo walioitengeneza cherehani hii, kwa sababu nao ni wenzetu. Kiwanda cha Clydebank kilianza kazi miaka ya 1880, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kilikuwa kikitoa cherehani zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Wafanyakazi wake walikuwa kiasi cha 11,000. Mwezi wa Machi 1911, katika chumba cha kupiga polishi makabati ya cherehani, wenye kiwanda walipunguza wanawake kutoka 15 kuwa 12, kazi ikabaki ile ile, na malipo yakashuka. Wale wanawake 12 waliweka vitambaa vyao chini wakatoka. Kwa siku chache tu karibu kiwanda kizima kilitoka nyuma yao, wanaume kwa wanawake.

Kampuni ilifanya nini? Haikukaa na kamati yao. Ilipeleka kadi kwa posta, nyumba kwa nyumba, kila mfanyakazi peke yake asaini kwamba yuko tayari kurudi kazini. Mtu akiwa peke yake mezani, watoto wanalia njaa, kalamu i mkononi, mnajua yanayotokea. Mgomo ulikwisha mwezi wa Aprili, baada ya majuma matatu. Kisha wafanyakazi kiasi cha 400 wakafukuzwa, na wengi wao walikuwa wale waliosimama mbele.

Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Wenye duka wanaosema "spea zilikwisha" pengine wamesikia habari hiyo, wakadhani kiwanda kikifungwa na kila kitu kinakwisha. Lakini chombo kilichotengenezwa na mikono ya watu wale kiko Busoga leo, kinazunguka. Ninapoona herufi F mbele ya namba nafikiri kwamba chombo hicho kilitoka mikononi mwa watu wa mgomo ule au wenzao waliobaki. Kwa nini mimi, mtu wa chama, nikiuze kwa kilo?

Sasa spea. Ukweli ni kwamba kwa cherehani ya 15K spea ni nyingi kuliko za cherehani nyingi mpya. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Japani vilichukua mfano wa 15 kuwa kipimo chao cha pamoja, na viwanda vya China na India navyo vilitengeneza cherehani za umbo hilo. Ndiyo sababu kikopo cha bobini, bobini na sindano za Butterfly au Usha mara nyingi huingia katika 15K ya bibi yako bila ugomvi. Kwa zile za mtumbwi, bobini ndefu na mitumbwi yake bado hutengenezwa, ingawa si kila duka linaweka. Basi usiulize, "Mna spea za Singer?" Uliza, "Mna bobini ndefu ya 28?" Mwenye duka akisikia unajua, naye atatafuta vizuri.

Nenda na kipande kibovu mkononi. Usikieleze kwa maneno. Vipande vingi vya Singer, hata vidogo, vimegongwa namba yake, na vingine vimeandikwa SIMANCO, yaani alama ya kampuni hiyo kwa spea zake. Namba ya kipande ni kama jina la mtu: ukiitaja hupewi mwingine. Wazee wa mji husimulia kwamba zamani maduka ya spea yalikuwa na daftari za namba hizi. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia, maduka mengi yakabadili mikono, na wengi waliojua namba hizo waliondoka. Bidhaa zilirudi baadaye, lakini ujuzi wa namba haukurudi wote. Ni juu yetu kuujenga upya.

Mambo mengine ni madogo, lakini ndiyo yanayoua cherehani. Mkanda wa ngozi wa cherehani ya kukanyaga ni wa mviringo, unene wa milimita 5 hivi, na huunganishwa kwa kipini cha waya. Fundi wa ngozi yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kukukatia. Kipete cha mpira cha kujazia bobini hukauka na kupasuka, na bei yake si kitu. Skrubu za Singer zina uzi wake wa pekee. Usilazimishe skrubu ya kawaida kwa nyundo na koleo, maana utaharibu tundu lisiloweza kurudi. Usitie mafuta ya kupikia, wala mafuta ya injini. Yale ya kupikia huganda kama gundi, ndiyo yaliyoikwamisha ya mama yangu. Na chuma chenyewe ni cha kusubu. Kikipasuka, usimpe mchomeleaji yeyote wa barabarani, maana asiyekijua atakipasua zaidi.

Wala msidanganywe na hadithi za utajiri. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu yenye thamani kubwa ndani yake. Watu wakalipa fedha nyingi kwa vyuma vikuukuu, wengine wakizipima kwa kusogeza simu ya mkononi waone kama itakata. Hapakuwa na zebaki yoyote. Mtu akija kwako na simu yake kupima cherehani, mwambie ndani yake mna chuma, mafuta na jasho, basi. Thamani ya cherehani ni nguo inayotoka chini ya sindano.

Turudi kwa mama yule. Fundi mzee niliyemtaja ana kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande vya cherehani zilizokufa miaka na miaka. Nilipomwonyesha namba na kumweleza kuhusu mtumbwi, alimwaga kopo lote juu ya gunia, akachagua kwa kidole kama mtu anayechagua mawe katika mchele. Akatoa bobini ndefu mbili. Akaijaribu moja katika mtumbwi wa mama, akavuta uzi, akakaza skrubu kidogo mno, akageuza sindano. Akaniambia, "Mwanangu, hii haikuwa imekufa. Ilikuwa inasubiri mtu wa kuisoma." Aliomba fedha ya soda tu. Siku ya saba mtu wa skrepu alirudi na mizani, akamkuta mama anapiga pindo la shuka.

Najua wapo wenzangu watakaosema: Katibu, chama ni cha kudai mishahara, si cha kutengeneza cherehani. Nawaheshimu, maana hoja yao ina uzito. Ipo hatari pia ambayo wao hawajaitaja, nami naitaja: mwajiri akisikia kwamba wake za wafanyakazi wanashona, anaweza kusema, "Basi mshahara unawatosha, nyumbani kuna mapato mengine." Hilo tulikatae mapema na kwa sauti moja. Mshahara ni malipo ya kazi ya mfanyakazi kazini. Haupunguzwi kwa sababu mkewe ana sindano. Mama yule anashona leo, lakini malipo ya marehemu mumewe bado ni deni, na mimi bado nakwenda ofisini kuyadai. Cherehani haikufuta deni hilo hata shilingi moja.

Lakini hebu tuulize: ni nani anayesaini haraka kadi ya mwajiri? Ni yule ambaye nyumbani hana kitu kingine chochote cha kushika. Wale wa Clydebank walishindwa mezani pao, mmoja mmoja. Mwenye chombo chake nyumbani, kinachoweza kuleta unga wa juma moja au mawili, anakaa katika umoja siku mbili zaidi kuliko asiye nacho. Kwa hiyo chombo cha urithi si jambo la wanawake tu, wala la wazee wanaopenda vitu vya kale. Ni akiba ya mapambano. Tukiviacha vyombo hivi viende kwa kilo, tunauza akiba yetu wenyewe.

Basi natoa mapendekezo manne kwa matawi yetu yote.

Kwanza, kila tawi liwe na daftari la vyombo. Waswahili wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuandike jina la mwenye cherehani, namba yake, aina yake, ina ubovu gani, na nani alimpa nani mbele ya shahidi gani. Siku mwenye nayo akifariki, daftari hilo litasema neno kwa niaba ya mjane.

Pili, tununue pamoja. Mtu mmoja akienda kuomba bobini ndefu moja, mwenye duka hatajisumbua kuiagiza. Tawi likienda na orodha ya bobini, sindano na mikanda kwa mkupuo, ataagiza, na bei itashuka.

Tatu, mafundi wazee wapewe vijana wa kufundisha, hata Jumapili mbili kwa mwezi, nao walipwe kitu na tawi. Fundi mzee akifa, kopo lake la vipande litauzwa skrepu pamoja na kila kitu alichokijua. Cherehani iliyokufa nayo isitupwe nzima. Ivuliwe vipande vizuri vihifadhiwe kwa ajili ya nyingine.

Nne, mwanachama yeyote anayetaka kuuza cherehani ya urithi aje kwanza ofisi ya tawi. Hatutamzuia, mali ni yake. Tutamsomea namba tu, tumwambie alicho nacho. Baada ya hapo akiuza, auze kama mtu anayejua.

Wale wa mashamba ya chai na miwa msidhani haya ni ya wenye cherehani peke yao. Randa ya baba yako, mashine ya mshona viatu ya babu yako, hata mizani ya zamani, vyote hufuata njia hiyo hiyo: tafuta namba au jina lililogongwa, jua aina, chukua kipande kibovu mkononi, uliza kwa jina lake, na usikubali neno "hakuna" kutoka kwa mtu ambaye hakuinama kutazama.

Kwa wale wanaotamani cherehani mpya ya plastiki iliyoko dirishani, nasema: nunueni mkiweza. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Ile nyeusi ya bibi imepita katika vita, katika kufungwa kwa kiwanda chake, na katika mikono ya wanawake watatu au wanne, na bado inataka bobini moja tu.

Mimi ya mama yangu sitaipata tena. Iliyeyushwa zamani, pengine ni nondo katika ukuta wa mtu. Ya kwako ingali chini ya kitanda. Leo jioni, ukitoka kazini, ifunue, ifute vumbi, andika namba yake, na Jumamosi uilete tawini.

Umoja ni nguvu.